Mpeni Mtoto Daftari la Pili



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, mama mmoja alinijia chuoni, uso umemkunjamana na daftari la mwanawe liko mkononi. Binti huyo ana miaka 13, yumo darasa la saba, na kwangu amekwisha kufika juzuu ya 20. "Maalim," akasema, "hebu nitazamie haya. Nilimkuta usiku aandika, nikadhani adurusu hesabu. Kumbe aandika uongo mtupu, eti mwembe wa jirani umehama mtaa! Mtoto huyu ana nini?"

Nikalichukua daftari nikasoma. Kwa maneno ya binti yule, mwembe wa jirani ulichoka kupigwa mawe, ukang'oa mizizi yake usiku, ukaenda kukaa katika mtaa usiokuwa na watoto. Huko ulipata raha msimu mmoja. Msimu wa pili maembe yakaiva, yakaanguka, yakaoza chini, hata nzi wakawa wengi kuliko majani, na hapana aliyekuja kuokota. Mwembe ukarudi kwao kabla ya alfajiri, ukajisimika mahali pake pa zamani, na asubuhi mtoto wa kwanza alipoutupia jiwe ukamwangushia maembe mawili.

Makosa ya tahajia yalikuwa mengi. Lakini nimesikiliza mawaidha mengi juu ya watoto na subira ya kuwavumilia, na machache yamenikaa moyoni kama mwembe ule. Nikamwambia yule mama, "Mwanao hana ugonjwa wowote. Ana daftari moja tu, nalo ni la hesabu. Mnunulie la pili."

Alinitazama kama mtu aliyekwenda kwa tabibu kutaka dawa akapewa maji. Akaaga akaenda zake, na sijui kama alilinunua. Kwa hivyo nimeona niandike hapa yale niliyokosa nafasi ya kumweleza, kwa kuwa nyumba nyingi zina mtoto kama huyo, na kwa kuwa mimi mwenyewe sikuwa siku zote mtu wa kutoa jibu lile.

Yapata miaka 25 iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye sauti kubwa kuliko elimu yake, nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 12 aliyependa kukaa nyuma, karibu na nguzo. Siku moja wenzake wadurusu, yeye ameinama aandika. Nikamwendea polepole nikampokonya daftari. Alikuwa akiandika hadithi ya mwalimu mwenye fimbo iliyokuwa ikisikia: mtoto akikosea herufi, fimbo huinuka yenyewe kabla mwalimu hajanyanyua mkono. Sikuhitaji kuambiwa ni mwalimu gani. Nikazichana zile kurasa mbele ya wenzake, kipande kwa kipande, na kicheko chao nikakihesabu kuwa ushindi wangu. Mtoto hakulia. Aliendelea na masomo kwa adabu, akahitimu, na katika miaka mitatu iliyobaki sikumwona tena ameshika kalamu ila kwa kunakili nilichoandika ubaoni. Kwa muda mrefu nilidhani kuwa nilimponya.

Sasa turudi kwa neno la yule mama, kwamba hadithi ni uongo. Si neno la kupuuzwa. Uongo ni haramu, na mzazi aogopaye ulimi wa mwanawe usizoee uongo ni mzazi mwema. Lakini tutazame uongo ni kitu gani. Mwongo ataka umwamini katika jambo alijualo kuwa si kweli, naye hukuficha hilo. Ukishalijua, uongo wake umekufa. Mtunga hadithi hafichi. Bibi zetu, walipokaa nasi jioni baada ya chakula, walisema kwanza, "Paukwa!" nasi tukajibu, "Pakawa!" Yale hayakuwa maneno ya kusafishia koo. Ulikuwa mkataba. Msimulizi alitangaza kuwa sasa aingia katika kubuni, na msikilizaji akakubali kwa kinywa chake mwenyewe. Hapana aliyedanganywa. Sungura alizungumza na fisi usiku kucha, na asubuhi hapana mtoto aliyetoka kwenda kumwamkia sungura.

Waislamu wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, ambacho ndani yake simba, ng'ombe na mbweha wapeana mashauri na kufanyiana hila, na watu wamekisoma karne hata karne bila ya kumshitaki ng'ombe kwa kusema. Kurani Tukufu yatufundisha kwa mifano na visa, ijapokuwa visa vyake ni vya kweli wala havifananishwi na vya mwanadamu. Sura ya Yusuf, ya 12, yaeleza kisa kimoja tangu ndoto ya mtoto hata kutimia kwake, na kila mwalimu wa chuo ajua jinsi watoto wanyamazavyo kisa hicho kisimuliwapo. Ama ushairi, Sura ya 26 yawalaumu washairi wapotezao watu, kisha mwisho wake yawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Naye Hassan bin Thabit alikuwa mshairi wa Mtume wetu (S.A.W.), akiwekewa mimbari msikitini asimame juu yake. Basi swali tupasalo kumwuliza kijana si kwa nini atunga, bali ni kitu gani atunga.

Wako wasemao kuwa watoto bado wadogo, wangoje wakue. Zaid bin Thabit alikuwa na umri wa miaka 11 hivi Mtume alipohamia Madina. Aliamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, na imepokewa kuwa aliyajua kwa muda wa kama nusu mwezi. Ni yeye aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Kurani katika ukhalifa wa Abubakar. Kazi yake haikuwa ya kubuni, na sisemi kuwa ilikuwa. Nasema tu kwamba kalamu haikungoja ndevu.

Tena si lazima twende mbali hata Bara Arabu. Mwaka 1858, katika upande wa Pate na Siu, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa mawaidha, naye yu mgonjwa. Mwanzoni kabisa amwita binti aje na wino na karatasi. Nataka wazazi walitazame jambo hilo. Zaidi ya miaka 160 iliyopita, katika nyumba ya Kiislamu ya pwani, mama haoni ajabu kuwa msichana ana wino na karatasi na ajua matumizi yake. Mama yule alifariki, na maneno aliyomwachia mtoto mmoja yamesomwa na watoto wa watu wengi. Mtu aniambiaye kuwa kalamu si mila ya binti zetu hunifanya niulize ni mila za wapi hizo azisemazo.

Na kisicho andikwa huponyoka. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikaa vichwani mwa watu wa mji. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika kutoka kwa waliokuwa wangali wakiyakumbuka, mengi yangalizikwa pamoja nao. Sijui ni Muyaka wangapi wamekosa Sikujua wao.

Hapa kwetu Tanga tunaye Shaaban Robert, na mimi humtaja kwa vijana kwa sababu moja ambayo wengi huisahau. Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909. Masomo yake ya shule, huko Dar es Salaam, yalikuwa tangu 1922 hata 1926, basi. Kisha akaajiriwa karani wa forodha. Yaani mtu huyu ambaye leo vitabu vyake vyasomwa katika vyuo vikuu, yeye mwenyewe hakusoma chuo kikuu. Mimi nami sikuvuka chuo cha Kurani na darasa la saba, na kwa hiyo habari hii hunipa moyo, ingawa sijidai kuwa nimefanana naye kwa lolote jingine.

Alijifunzaje basi? Kwa kuandika. Tangu mwaka 1931 hata 1958 alikuwa akimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua, nazo zimechapishwa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka 40 baada ya kufariki kwake. Hesabuni wenyewe: miaka 27 ya kumwandikia mtu mmoja ambaye alijua kuwa atasoma. Palikuwapo pia gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambalo lilitoa nafasi kwa mashairi ya wasomaji. Karani wa forodha aliweza kuandika usiku na baadaye kuona maneno yake yamepigwa chapa, na watu wa miji mingine wakamjibu kwa shairi. Mambo mawili hayo, mtu wa kukusoma na mahali pa kusomwa, ndiyo niyaonayo kuwa haba kwa watoto wetu. Vipaji havijapungua. Mwembe wa binti yule ulisomwa kwanza na mama aliyekuwa amekasirika.

Nieleze sasa tufanyavyo chuoni kwangu. Alhamisi, siku ambayo zamani tuliwaachia watoto mapema, baada ya Alasiri wale watakao hubaki kwa saa moja na daftari la pili. La kwanza ni la masomo, nalo nalisahihisha. La pili silisahihishi. Mtoto husoma mwenyewe kwa sauti, au hasomi, shauri lake. Mwanzoni kila hadithi ilianza na mfalme wa zamani za kale aliyekuwa na binti saba, na katika watoto wale hapana aliyewahi kumwona mfalme. Nikawaambia, mfalme naye apumzike kidogo. Andikeni mlichokiona leo kutoka mlangoni kwenu hata hapa. Wakasema hawakuona kitu. Nikawaambia waende hata njia panda warudi, kisha waandike. Mmoja akaandika juu ya muuza kahawa aliyekuwa akigonganisha vikombe vyake ijapokuwa hapana mtu barabarani. Mwingine akaandika juu ya baiskeli ya babu yake ambayo tangu babu afariki hapana aipandaye, na kila Ijumaa nyanya yake huifuta vumbi.

Kwa mashairi huanza na vidole. Utenzi ni rahisi kwa mtoto: vipande vinne, kila kipande mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake kiendacho hata mwisho wa utenzi. Vidole viwili husalia, navyo huvikunja. Baada ya wiki tatu watoto huhesabu kila neno, hata matangazo ya dukani. Mkubwa atakaye kwenda mbele humpa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi cha Amri Abedi, kilichotolewa mwaka 1954, nacho hujifunza mambo ambayo mimi mwenyewe huyafuatia nyuma yake.

Alhamisi moja niliwapa kazi ya kutunga ubeti mmoja wa nasaha kwa vijana. Wote wakaleta nasaha: usivute bangi, tii wazazi, soma kwa bidii. Ni maneno mema, lakini niliyasikia kama mtu asikiavyo saa ya ukutani. Kijana mmoja wa miaka 14, mtoto wa mvuvi, hakuleta nasaha. Alileta hivi:

Jana baba kenda pwani
Na mshipi mkononi
Mama yuko dirishani
Na chai yake yapoa

Nilitaka kumwambia kuwa hakufanya kazi aliyopewa. Ulimi ulikuwa umekwisha kufunguka. Kisha nikaona wenzake wamenyamaza, na mmoja wao, ambaye naye baba yake huenda baharini, ameinamisha kichwa. Vina sawa, mizani sawa, na chai yapoa. Nikanyamaza mimi pia. (Baba alirudi salama jioni ile, alhamdulillahi, na changu watatu wakubwa. Niliuliza.)

Hili ndilo gumu kwetu sisi walimu na wazazi. Twataka mtoto atuandikie yale tumwambiayo, kwa vina. Tukiyapata twamsifu, naye ajifunza kuwa kuandika ni kurudisha maneno ya mkubwa yakiwa yamepambwa. Ukimwacha aseme aliyoyaona, aghlabu hukuletea nasaha bora kuliko uliyoiagiza, na pengine hukuletea habari usiyoipenda. Fimbo isikiayo ilikuwa habari ya namna hiyo. Mtoto alinieleza kuwa wanaogopa, kwa njia pekee iliyokuwa ya adabu kwake, nami nikaichana.

Basi mtoto akusomeapo, usianze na tahajia. Mwulize, "Kisha ikawaje?" Swali hilo moja lafaa kuliko wino mwekundu wote uliomo dukani. Tahajia ina siku yake, na usidhani nasema isahauliwe. Mtoto akipenda hadithi yake ataka mwenyewe iandikike vizuri, naye atakujia kuuliza kama ni "hawakuhama" au "awakuama". Wala usilisome daftari la pili bila ya ruhusa. Wazazi wengine watanipinga hapa, nami naijua hoja yao. Lakini kijana ajuaye kuwa kila neno lake litapekuliwa usiku huandika maneno ya kupekuliwa tu.

Kuna mipaka, na ni haki ielezwe. Mtoto asiandike aibu ya jirani kwa jina lake. Hiyo ni kusengenya, na wino hauigeuzi kuwa halali. Humwambia abadili jina, mtaa na kazi ya mtu, na akishabadili hayo huona kuwa hadithi imekuwa yake zaidi. Asinakili ya mwenzake akaita yake, kwa maana huo ni wizi. Na kalamu isile wakati wa sala wala wa masomo. Katika wanafunzi wangu wa Alhamisi sijaona aliyerudi nyuma katika kuhifadhi. Wawili watatu wamesonga mbele, kwani mtoto aliyezoea kulipima neno husikia upesi anapokosea.

Juu ya simu sina maneno mengi. Vijana huandika ndani yake kutwa, na pengine huandika zaidi ya tulivyoandika sisi. Akitaka kutunga humo na atunge. Mimi napenda daftari kwa sababu halimwiti mtu mwingine wakati aandikapo, na kwa sababu ni rahisi kwa nyumba zenye watoto wengi.

Siku hizi zipo pia tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, isimamiwayo na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Na mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kusoma chuo utotoni kama watoto wetu, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Alianza kuandika akiwa kijana wa miaka 21 hivi, yuko Uingereza na upweke umemshika. Vijana na wayajue hayo. Lakini mzazi akianza kumwuliza mtoto wa miaka 12 ni lini atashinda tuzo, daftari litarudi kuwa la hesabu.

Baada ya Idi ya Mfungo Mosi iliyopita, mtu mmoja alikuja kumwandikisha binti yake wa miaka 8. "Shikamoo, Maalim." Nikaitikia, nikamtazama, nikamjua. Ni yule wa karibu na nguzo. Sasa ni dereva wa lori, husafiri hata Tunduma. Nikamwomba radhi kwa zile kurasa, mbele ya mtoto wake, kwa kuwa nilizichana mbele ya watu. Akacheka. "Maalim, wewe hukufika mwisho," akasema. "Mwisho wake mwalimu aliichomeka fimbo uani akaisahau, ikachipua majani, akawa akisomesha kivulini mwake."

Nikamwuliza kama aweza kuiandika tena. Akasema mikono yake imezoea usukani, na mengine amekwisha kuyasahau. Ila binti aijua yote, kwa maana humsimulia kila akirudi safari. Nikaingia ndani nikatoa daftari jipya, nikampa mtoto, nikamwambia siku ya Alhamisi. Hata leo amekwisha kuandika kurasa nne, kwa herufi kubwa kubwa, na fimbo haijachipua bado.